Mzee Panda-Shuka Anaweka Drili Chini

Ijumaa tarehe 29 mwezi huu, saa kumi alasiri, fundi mkuu wa karakana yetu atavua ovaroli kwa mara ya mwisho na kustaafu rasmi. Amefanya kazi hapa miaka thelathini na minne na miezi miwili. Katika muda wote huo alichelewa siku moja tu, na hata siku hiyo alikuwa nje ya geti akimtengenezea mlinzi baiskeli.

Alianza kama mwosha vyuma, kazi ambayo wengi huikimbia kwa harufu ya mafuta ya taa. Baada ya miaka mitatu alipewa spana, baada ya minane akapewa injini nzima za malori ya maji, na mwaka wa kumi na tisa akakabidhiwa karakana yote. Mameneja sita walimkuta na kumwacha hapa hapa. Wote sita, baada ya kuhama, wamewahi kupiga simu kuuliza gari lao la nyumbani lina nini.

Jina la Mzee Panda-Shuka lilitokana na silinda. Injini ikitumika miaka mingi, kuta za silinda hulainika mno. Kabla ya kuweka ringi mpya za pistoni ni lazima zikwaruzwe kidogo kwa kifaa chenye vijiwe vitatu kinachofungwa kwenye drili. Drili inazunguka, mkono unapandisha na kushusha kwa mwendo mmoja, na ukutani inabaki mikwaruzo inayokatizana kama wavu. Hiyo ndiyo inayoshika oili na kuzikalisha ringi. Kila aliyefundishwa na mzee alisimamiwa begani na kuimbiwa panda, shuka, panda, shuka, mpaka akausikia wimbo huo usingizini. Kisha silinda ilioshwa kwa maji moto na sabuni, na mzee akapitisha leso yake nyeupe ndani. Ikitoka na doa, unaosha tena. Tunaye fundi mmoja, sasa baba wa watoto wanne, aliyeosha bloku moja, lile bonge la injini lenye silinda, mara saba. Mpaka leo akiona leso hushika kiuno.

Utaratibu wake mwingine ni wa jiliwa, lile la kubania vyuma pale katikati ya karakana. Aliyeharibu kazi, awe mkubwa au mdogo, husimama kando yake asubuhi kabla ya chai na kusimulia alichokosea. Haruhusiwi mtu kucheka hadi amalize. Akishamaliza, ruhusa ni ya wote. Hakuna barua ya onyo wala kinyongo. Mimi mtunza stoo nimesimama hapo mara tano. Yeye, hadi mwaka huu, hakuwahi kusimama hata mara moja, na tusidanganyane, tulikuwa tukimvizia.

Sasa nije kwenye pikapu. Mkewe, ambaye karakana nzima inamwita Mama Miche, anaotesha na kuuza miche ya miti. Pikapu alikuwa nayo kabla ya kuwa na mume. Aliinunua kwa jasho lake. Miaka miwili iliyopita injini yake ilikata roho, na mume akaahidi kuifungua wikendi ijayo. Wikendi ikaja na pampu mbovu, iliyofuata ikaja na lori. Mama Miche akawa anapeleka miche kwa mkokoteni wa kukodi huku akipoteza wateja mmoja mmoja. Mwaka huu alichoka. Alimwambia mumewe kwa upole, na upole huo ndio uliomtisha, kwamba ikifika siku ya kustaafu pikapu haijatengemaa, itakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na biashara ya miche ataifunga.

Mzee akachukua likizo yake ya mwisho. Alisaini kifaa cha vijiwe kwenye daftari langu kama mtu mwingine yeyote. Nyumbani, bloku iliwekwa juu ya meza ya chakula iliyotandikwa magunia, na familia ikala sahani zikiwa mapajani kwa siku kumi. Silinda alizikwaruza vizuri sana. Shida ilianza Mama Miche alipochungulia kwa tochi. Alisema zimechunika kama sufuria iliyosuguliwa kwa waya, akauliza kwa huzuni mbona injini za watu huzirudisha zikiwa safi.

Fundi yeyote angesema hivyo hapa karakanani angepewa hotuba mpaka saa ya chakula. Lakini huyu alikuwa mkewe, na alikuwa amesubiri miaka miwili. Mchana huo mzee alinipigia simu kuuliza ni duka gani lina msasa laini kuliko wote. Nilijua silinda haihitaji msasa laini. Nikamwelekeza duka, nikajiambia mkubwa anajua anachofanya. Nina sehemu yangu katika kosa hili na ninaikiri hapa.

Alizisugua zote nne mpaka akaona masharubu yake ndani. Mama Miche akafurahi, injini ikafungwa, ikawaka. Furaha ilidumu siku nne. Ringi hazikuwa na pa kushika, oili ikawa inaungua, na moshi wa bluu ukatanda mtaani hadi majirani wakaanua nguo.

Angeweza kunyamaza. Alikuwa amebakiza wiki saba, na kosa lilikuwa la nyumbani kwake. Jumatatu, kabla ya chai, alikwenda mwenyewe kusimama kando ya jiliwa. "Jamani," alisema, "nimeng'arisha silinda. Nilijua haitakiwi. Nilitaka mama watoto afurahi." Ruhusa ya kucheka ikawepo na hakuna aliyeitumia, mpaka alipoanza kucheka yeye. Hapo tulicheka hadi chai ikapoa. Wengine wetu tulifuta machozi, na si yote yalikuwa ya kicheko.

Mafundi wote walijitolea kwenda kumsaidia. Alikataa, akarudi nyumbani kumweleza mkewe kila kitu, pamoja na kwamba alimkubalia jambo akijua si sahihi. Mama Miche hakupandisha sauti. Aliuliza tu drili inawashwa wapi. Injini ikafunguliwa tena, na Jumamosi alizikwaruza silinda zote nne mwenyewe, mume akiwa nyuma yake, mikono mfukoni, akiimba panda, shuka. Alipochelewa kugeuza chini aligombezwa kama mwanagenzi yeyote, naye akagomba vilevile. Aliosha, na leso ikatoka nyeupe mara ya pili. Mzee ametutangazia kwamba katika wote aliowafundisha hakuna aliyeacha mikwaruzo iliyolingana namna ile. Mafundi wanane wamenuna hadi leo.

Pikapu ina wiki ya tano barabarani. Nimesimama nyuma ya ekzosi kwa pua yangu mwenyewe: hakuna moshi. Wateja watatu wa Mama Miche wamesharudi.

Mzee wetu, ahsante kwa kila injini, kila leso, na kwa asubuhi ile ya Jumatatu. Tunakupenda na tutakukosa sana. Ijumaa Mama Miche anakuja kukuchukua, na ametuarifu kwamba kuanzia Jumatatu amekuajiri kuwa utingo wake: usukani ni wake, kupakia na kushusha ni kwako. Tunakuombea afya, mgongo imara, na miaka mingi kwenye kiti cha pembeni, kando ya mtu uliyetaka afurahi.