Nyangumi Wazuri wa Mto Churchill

Mheshimiwa Diwani, Daktari Loewen mkuu wa utafiti, wauguzi wetu, wazee wenzangu wa nyumba hii, ndugu wageni waalikwa:

Leo ni tarehe nane Novemba 2023, na ni miaka hamsini na mmoja tangu nilipopanda treni kuja hapa Winnipeg kutoka Churchill, mji wa kaskazini mwa Kanada nilikozaliwa. Nimeombwa mambo mawili: niwashukuru waliojitolea, na nijibu mbele yenu kama nitaikubali nafasi moja ambayo Daktari ametutengea katika boti ya utafiti kiangazi kijacho.

Kazi yetu mnaijua. Boti hupita mtoni kule Churchill ikiwa na kamera chini yake, na nyangumi weupe huifuata, wengine wakigeuka chali ili waitazame vizuri. Picha huja kwa maelfu, nao wanasayansi hawana macho ya kuzimaliza; ndiyo maana sisi, baada ya chai, tunakaa mbele ya kompyuta na kujibu: wako wangapi, yupo mtoto, yupo mwenye kovu?

Swali la kwanza lilikuwa neno moja la Kiingereza, lisilobagua picha na mnyama: "Nzuri?" Daktari alikusudia picha. Sisi Wakrii, wenyeji wa asili wa kule, tuliokua tukiwinda mtoni tulidhani anauliza nyangumi. Basi majira yote ya baridi tukapitisha picha za ukungu mtupu zenye nyangumi wanene, na tukakataa picha safi kabisa za nyangumi waliokonda. Ni nani aliyetushtukia? Shemeji yangu Verna Massan, mzaliwa wa hapa mjini.

"Shemeji, hii giza tupu! Uzuri uko wapi?"

"Tazama shingo ilivyojaa. Huyu mzuri."

"Mzuri kwa sufuria! Umeulizwa picha, wewe unapika?"

Daktari aliposikia, hakucheka siku ile. Majibu yetu yote yakafutwa. Wengine walitaka kuacha. Verna akatukalisha tukaanza upya, akituuliza kila asubuhi kama tumeviacha visu chumbani. Vyeti tunavyopewa leo vimetoka kwenye kazi hiyo ya pili.

Sasa jibu langu. Tangu picha ya kwanza niliyatambua maji yale kwa rangi. Je, ni nani aliyezaliwa kando yake asiyetamani kuinama na kuyatia mkono? Lakini mashine inayonisafishia damu iko mtaa wa pili kutoka hapa, na mara tatu kwa wiki ni lazima niwe kando yake. Naomba nafasi hiyo apewe Verna, ambaye hajawaona nyangumi hao ila kwenye kioo cha kompyuta. Shemeji, usiseme ni wazuri kabla hujaziona shingo.

Nawashukuru ninyi nyote mliojitolea macho yenu, nanyi wageni mliotutegea masikio yenu. Boti itakapong'oa nanga nitakuwa hapa mbele ya kompyuta, nikihesabu watakaokuja kumtazama Verna. Mimi Churchill sitarudi.