Si Mvua Iliyoharibu Lile Sanduku

Sifa kwa Bwana, ndugu zangu! Sifa tena! Ninyi mmekaa, mimi nimesimama, na miguu yangu imechoka, lakini nitasema.

Wengi mnanijua kama Baba Ester, yule fundi wa makabati ya cuisine, ya jikoni, hapa Butembo. Nilizaliwa Kipese, nikajifunza useremala kwa randa na msumeno, halafu nikahamia Beni, mtaa wa Bungulu. Huko ndiko nilikopata mashini ya CNC. Kwa wale wasioijua: ni meza kubwa, juu yake kuna mèche, yaani kisu cha kuchongea, inayozunguka, na komputa ndiyo inayoiongoza. Unachora mlango wa kabati kwenye komputa, unalaza ubao wa MDF mezani, kisha unaweka zéro, yaani unaionyesha mèche mahali uso wa ubao unapoanzia. Mimi hutumia kipande cha karatasi: mèche ikiibana karatasi, hapo ndipo zéro. Baada ya hapo mashini inachonga maua, mistari, chochote ulichochora, na wewe unakula vumbi tu. Hiyo MDF ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Ni laini, haina mafundo, inapendeza machoni. Lakini inaogopa maji. Kila fundi anajua hilo.

Ndugu zangu, vita vikatufikia Beni. Watu wakaanza kuuawa mashambani. Nani ataagiza milango ya kabati wakati amefunga mizigo ya kukimbia? Kazi ikafa. Wapasua mbao nao wakaogopa kuingia porini, mbao zikakosekana, na wafu wakazidi. Watu wakaanza kuja kwangu kuomba masanduku ya kuzikia. Nilikuwa na MDF nyingi, nimeipanga ukutani. Nikachukua mchoro wangu wa mlango wa kabati, nikaurefusha, nikaongeza msalaba katikati. Kifuniko kilikuwa tayari kabla viazi havijaiva jikoni. Na kizuri! Watu walilia huku wakikisifu. Hakuna aliyeniuliza ni mbao gani, nami sikusema. Nilijiambia, donc, si kinaingia udongoni tu?

Moyo wangu ukawa mgumu. Asubuhi moja masasi ya bunduki yalisikika upande wa mashamba. Zamani nikisikia hivyo nilipiga magoti. Siku ile nilikwenda kuwasha générateur. Mke wangu Masika akasimama mlangoni.

— Baba Ester, uko nawasha mashini, ni nani alikufa?

— Bado. Lakini batakuya.

Alinitazama kama mtu asiyenifahamu, akarudi ndani kwa watoto. Ndugu zangu, nilikuwa nangojea wafu! Naona aibu kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kisha akauawa mume wa Mama Kahindo. Huyo mama tuliimba naye chorale moja kule Beni. Nilimtengenezea mume wake sanduku la MDF, nikalichonga maua pande zote. Siku ya maziko mvua ilinyesha, na askari wakatusimamisha njiani muda mrefu, sanduku likilowa nyuma ya gari. Tulipofika makaburini tukaanza kulishusha kwa kamba. Ubao wa chini wa sanduku ukaachia. Wanaume wakamdaka marehemu kwa mikono, na Mama Kahindo akafungua kitenge chake cha juu, wakamfunga ndani yake. Watu wakasema, ah, mvua hii! Hata pasteur alisema ni mvua. Nami nikaitika, kamba ikiwa bado mkononi mwangu: ndiyo, ni mvua.

Tangu siku ile sikuweza kuomba. Nilifungua mdomo kanisani, hakuna kilichotoka. Meza ya Bwana ilipopita niliinamisha kichwa nikijifanya nasali. Tulipokimbilia hapa Butembo nilikuja na mashini, nikidhani dhambi imebaki Beni. Hapa watu wanajenga, kazi ikarudi. Lakini kila nikilaza MDF nililiona lile sanduku. Niliweka zéro vibaya, mèche ikazama, ikatoboa mlango mpaka kwenye meza. Nikarudia, ikazama tena. Mashini haijui ubao uko wapi; inajua ulichoiambia, hata ukiidanganya inatii. Nilichoka, ndugu zangu! Nilichoka kula, nilichoka kuzungumza na mke wangu. Tukasikia kwamba Mama Kahindo naye amekimbilia huku, anakaa kwa dada yake. Masika akaniambia:

— Enda kwa ule mama. Mashini haina makosa.

Sikuwa nimemwambia kitu. Wake zetu wanajua.

Nikaenda. Nilimkuta uani anachambua maharage. Sikukaa, niliogopa nikikaa sitasema.

— Mama, haikuwa mvua. Ni miye. Ile planche ya MDF inaogopaka mayi, na nilijua.

Aliendelea kuchambua.

— Nilijua, akasema. Nilishikaka ile planche na mukono yangu kule makaburini. Ilikuwa nalegea sawa bugali. Nilikuwa nangojea ukuye useme.

Nilitaka ardhi inimeze. Akaweka ungo chini, akanionyesha mahali pa kukaa.

— Na miye nilishachoka kukuchukia. Kila asubui naamuka, nakuchukia hata mbele ya kuchota mayi. Ikala, tuombe.

Hakuniambia si kitu. Kilikuwa kitu! Aliomba yeye kwanza, akamtaja mume wake kwa jina, halafu akanitaja na mimi, na nilipolisikia jina langu mdomo wangu ukafunguka. Nililia kwa sauti mpaka majirani wakaja kuuliza kuna msiba gani. Wasingya, Yesu! Asante kwa kunitoa pale!

Sitawadanganya kwamba yote yamekwisha. Kaburi liko Beni, na mpaka leo hatuwezi kulifikia. Bado nimechoka. Lakini naweka zéro, naomba, mlango unatoka safi, na mteja namwambia kabla ya yote: hii haitaki maji. Masanduku ya kuzikia natengeneza kwa mbao za miti halisi kutoka Kasugho, kwa randa, polepole.

Ndugu yangu, dada yangu, kama kuna mtu unayemkwepa njiani, nenda kwake ukaseme. Mficha ugonjwa, kifo humuumbua. Usingoje upate nguvu, mimi sikuwa nazo. Mtegemee Yesu, atakufikisha hata ukiwa umechoka hivyo hivyo.

Ni Mama Kahindo aliyenituma nishuhudie, akasema nisipunguze kitu. Yuko pale, benchi ya pili, upande wa wamama. Naona anasogea, ananionyesha nafasi. Wazee wa kanisa, mtanisamehe, leo sirudi upande wa wanaume. Mungu apewe utukufu. Naenda kukaa.