Ngozi Mbele ya Rejeta

Tulikuwa hatujafika nusu ya njia ya Kakuma, na mshale wa joto wa ile Probox tuliyopanda ulikuwa umepanda tena. Nilikaa katikati. Kushoto kwangu Mzee Ebenyo, muuza ngozi. Kulia Nyamal, mama wa kambi ya wakimbizi, aliyebeba samaki wabichi kwenye barafu.

“Ni maji,” mzee akasema. “Dereva aliweka ya kisima, iko na chumvi.”

“Mzee wangu, maji haina makosa,” Nyamal akajibu. “Umefunga ngozi za mbuzi mbele ya rejeta. Hewa itapita wapi?”

“Ziko na matundu ya vigingi vya kuanikia. Hewa inapita.”

“Basi jifunike moja usoni, utuambie kama inapita.”

Dereva alicheka, kisha akaangalia mshale.

“Barafu yangu ikiisha, hawa samaki utakula wewe wote.”

“Mimi ni mtu wa mbuzi,” mzee akajibu kwa heshima zote.

Moshi ukafunika kioo, gari likasimama. Nyamal akashuka na kisu cha samaki, akaenda mbele.

“Mama, usikate kamba yangu!” Mzee akavuta mlango wake, lakini huo hufunguliwa kwa nje tu. “Nifungulieni!”

“Nakuja, mzee wangu,” Nyamal akasema, akiwa ameinama kwenye rejeta. “Ngoja kidogo tu.”