Mwanangu Atafungwa Miaka Mitano

Mama unayesomeshewa mtoto na serikali, chunga maneno yako ndani ya treni. Yuliana wa Matombo alipanda Ngerengere, akamwambia jirani yake wa kiti, "Mwanangu Kasiani atafungwa miaka mitano."

"Pole, dada! Kaiba nini?" akauliza yule jirani, Shamsia, mke wa fundi wa reli Tabora.

"Haibi mwanangu! Serikali itamsomesha udereva wa treni bure, halafu aitumikie reli miaka mitano, popote atakapopelekwa. Kesho anatia sahihi. Nakwenda Morogoro kumzuia."

Shamsia akacheka mpaka kanga ikamdondoka. "Mtoto anasoma bure, na wewe unalia?"

"Sisi Waluguru, mwanamume akioa huhamia kwa mkewe. Nilishajiandaa kumpoteza kwa mke wa mlima wa pili tu, ambako nikiwasha moto anaona moshi wangu. Akipelekwa mbali, tuseme Tabora, akaoa huko, je?"

Shamsia akamtazama kwa huruma, ingawa huruma yenyewe ilikuwa na hesabu ndani yake. "Ni mpole?"

"Mpole mno, na ana adabu."

"Basi usihofu. Binti yangu naye mpole, na kwetu ni karibu na stesheni."

Treni ikasimama Morogoro. Yuliana akabeba ndizi zake, akashuka mbio, akatandaza kanga kumficha Kasiani, aliyekuja kumpokea, ili Shamsia asimwone kutoka dirishani, japo kijana amemzidi kichwa kizima. Kasiani akachungulia juu ya kanga, akaamkia kama alivyofundishwa:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu!" akaitika Shamsia.