Mzee Projestus Anarudi Nchi Kavu

Baada ya kuitumikia karakana yetu ya boti hapa Kurasini kwa miaka thelathini na moja, Fundi Projestus, au Mzee Projestus kama wote tunavyomwita, anastaafu rasmi Ijumaa hii. Wasifu wake nilishauandika wiki mbili zilizopita, mzuri, umetulia. Nimeuchana. Jamani, kumbe mtu tuliyekuwa tukimwandikia tulikuwa hatumjui kabisa!

Alizaliwa Muleba, mkoani Kagera, upande wa Ziwa Victoria, akaja Dar es Salaam akiwa kijana, akajenga Kibamba, na kila asubuhi anafika kazini kabla yetu sie tunaokaa Temeke hapo jirani. Kazi yake ni kufunga mashine kwenye boti ndogo. Wengi hudhani ni kuning'iniza tu mashine kwenye ubao wa nyuma na kukaza bolti. Thubutu! Ikikaa chini sana, boti inakokota maji na kubugia petroli. Ikikaa juu sana, pangaboi linaloisukuma boti linachota hewa badala ya maji, mashine inapiga kelele na boti haiendi popote. Tofauti ni tundu moja la bolti, na Mzee Projestus amegombana na nusu ya wenye boti wa jiji hili kwa ajili ya tundu hilo moja. Lakini hakuna boti aliyoifungia mashine yeye iliyorudi ikivutwa kwa kamba.

Ndiye aliyetuwekea sheria kwamba anayefunga mashine lazima apande boti ikienda kujaribiwa. Yeye mwenyewe hajawahi kukwepa. Jaketi lake la kujiokolea, la rangi ya chungwa lililopauka, alikuwa akilivaa tangu akiwa bado karakanani, nasi tukimcheka kwamba anaogopa kuzama kwenye grisi. Tulijua ni mbwembwe tu. Mtu wa ziwani, maji yamfanye nini?

Wiki iliyopita alifunga mashine yake ya mwisho, kwenye boti ya faiba ya Bwana Marijani wa Kunduchi. Marijani anapenda mbio, akang'ang'ania ipandishwe tundu moja zaidi. Mzee akamwambia itakuwa juu mno, mwenzie hasikii. Basi akaipandisha, akasema twende majini ukajionee mwenyewe. Mie mtunza stoo, ambaye sijawahi kupanda hata moja ya hizo boti ninazozitolea bolti kila siku, nikasema hii ya mwisho siikosi. Majaketi yalikuwa mawili tu, na moja Marijani alishalivaa. Mzee akavua lake akanivalisha, akanifunga kamba zake moja moja. Nilipomuuliza yeye je, akacheka, akasema yeye ni mtu wa Muleba.

Tulipofika mbele kwenye maji mengi, Marijani, aliyeshika usukani, akakata kona kwa kasi. Mashine ikapiga ukelele, boti ikalegea, halafu pangaboi likashika maji ghafla, tukarushwa. Mzee, aliyekuwa ameinama nyuma akiitazama mashine, hayupo! Marijani akazima. Mie bado natabasamu, nangoja aogelee arudi. Hakuogelea. Alikuwa anapiga maji kwa mikono kama anafukuza nyuki, anazama, anaibuka, anazama tena. Mungu wangu! Marijani akamtupia kamba, tukamvuta wote wawili, mie nalia kwa sauti bila aibu.

Alipomaliza kutapika maji, neno lake la kwanza lilikuwa kwa Marijani: ashushe tundu moja. Kisha akatuambia kwamba hajui kuogelea. Hajawahi kujua. Kwao Muleba ni milimani kwenye migomba, ziwa wanaliona kwa mbali. Miaka yote hiyo anapanda boti za watu, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza! Nikamfokea, mtoto mdogo kwake, Mungu anisamehe, kwa nini basi alijiwekea sheria ya namna ile? Akanijibu taratibu kwamba fundi asiyejua kuogelea, na anajua atapanda, hakazi bolti kwa kubahatisha. Na jaketi je? Akasema mie nilikuwa mgeni wake.

Tulimfikisha Kibamba akiwa ndani ya ovaroli la stoo. Mkewe, Mama Jovina, akauliza nguo zake ziko wapi. Hee! Kumbe naye alikuwa hajui kwamba mumewe anapandaga boti. Miaka yote alijua mashine zinafungwa nchi kavu, mtu anarudi nyumbani. Alikaa chini.

Juzi kamati ya sherehe ilimpigia simu Mama Jovina kumuuliza mzee apewe zawadi gani, friji au makochi. Akasema hataki kitu. Anamtaka mumewe, tena mkavu.

Mzee Projestus, ahsante kwa kazi, ahsante kwa ukali wako, na ahsante kwa jaketi lile ulilonivalisha. Tunakuombea siku nyingi, zenye afya, na zote ziwe mbali na maji. Nawe Mama Jovina, Ijumaa uje umchukue. Shikamoo, mama. Tulikuwa tumemwazima tu, na hatukujua tumeazima nini. Tunakurudishia mtu wako, mkavu kabisa.