Mhandisi Dorcas Luhende na Kombora la Kamba

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika Karakana ya Uokoaji Ziwani, Mkuyuni, Mhandisi Dorcas Luhende anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wengi wetu hatujawahi kumwona akiketi mpaka chai yake ikaisha.

Alianza kama fundi wa injini. Kilichombadilisha ni boti ya abiria iliyozimika karibu na Nansio, upepo ukiisukuma kwenye miamba. Hatukuweza kuisogelea, tukafyatua bunduki ya kamba, ile inayorusha kombora dogo lisilolipuka likiburuta kamba ya kuwavutia waliokwama. Kamba ilikatika. Kombora la pili likapeperushwa na upepo. Wengi waliokolewa baadaye, lakini Pius, fundi mwenzetu aliyekuwa akienda likizo kwao Ukerewe, hatukumpata akiwa hai.

Tangu hapo Dorcas hakutulia. Alilirefusha kombora, akahamishia uzito mbele na kuliwekea mapezi nyuma ili lisiyumbe. Kamba akaikunja ndani ya kombora lenyewe, ijikunjue likiwa angani badala ya kukokotwa kutoka kwenye boti. Majaribio yalifanyika ufukweni Misungwi, na si kila kombora lilikwenda lilikotumwa. Moja lilitua katikati ya ng'ombe wa Mzee Shimba, wakatawanyika.

"Mama, kwani unapigana na nani?" mzee akauliza.

"Shikamoo, mzee. Na upepo," Dorcas akajibu, huku tayari anakimbilia kombora lake.

Machi mwaka jana boti nyingine ilizimika katika dhoruba. Nahodha wetu, Nurudin, alitaka tusubiri upepo upungue.

"Ukipungua, hao watakuwa wapi?" Dorcas alimuuliza, akaishika bunduki mwenyewe.

Kombora lilipita juu ya mawimbi bila kuyumba, kamba ikalala kwenye paa la boti. Abiria wote walivutwa wakafika nchi kavu. Sisi tulishangilia, yeye aligeukia ziwani, akalia akilitaja jina la Pius.

Mhandisi Dorcas, asante kwa kila aliyerudi nyumbani kwa sababu ulikataa kutulia. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na asubuhi zisizo na haraka. Safia, anayeshika nafasi yako, ana ombi moja tu: usimpigie simu kila upepo ukivuma. Ukizidi, piga.