Folda Nne za Marehemu Karani

Benchi limeegemea ukuta wa duka la fundi wa kompyuta, na mguu wake mmoja ni matofali mawili. Ncha ya kushoto ilikuwa ya marehemu Karani, mstaafu wa masjala, aliyekaa hapo miaka kumi na mmoja akinywa kahawa, akitabasamu, akiondoka. Sasa ana miezi minne kaburini. Jana binti yake, muuguzi, alileta kompyuta ya babake iliyogoma kuwaka, pamoja na mpya aliyoinunua. "Nihamishie vyote, fundi," alisema. "Nilikuwa kazini mbali miaka yote hii. Kwenye simu aliniuliza tu kama nimekula. Nilipomuuliza ya kwake, alisema: ya kwangu nayaandika, utayakuta. Nataka nimsikie baba." Leo asubuhi fundi alitoa meza barazani penye mwanga, akachomoa diski ya zamani, akaipuliza vumbi. Kijiwe kikamzunguka: Wembe, ambaye ni kinyozi; Profesa, mshona viatu anayesoma kila gazeti kabla ya kulitumia kufungia viatu; na Bi Kahawa na birika lake.

WEMBE: Diski kuukuu ndani ya kompyuta mpya? Si utaiambukiza uzee!

FUNDI: Nyaya mbili tu, kaka. Huu wa umeme, huu wa kupitisha mafaili. Kompyuta inawaka kwa diski yake yenyewe. Hii ya marehemu inakuwa kama kabati la pili chumbani.

PROFESA: Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

BI KAHAWA: Inahusu nini hapo?

PROFESA: Haihusu. Lakini ni kweli.

Fundi akakaza skrubu, akawasha. Feni ikavuma. Kwenye skrini likatokea lile kabati la pili, na ndani yake folda nne tu. Fundi akasogeza uso, kisha akaondoa mkono kwenye kipanya kama mtu aliyegusa pasi ya moto.

BI KAHAWA: Nini? Imeungua?

FUNDI: Someni wenyewe.

Folda ya kwanza iliitwa Wembe. Ya pili, Profesa. Ya tatu, Bi Kahawa. Ya nne, Fundi.

WEMBE: Mama yangu mzazi! Ni sisi!

BI KAHAWA: Nishikieni birika. Nishikieni, nasema, nitalimwaga.

PROFESA: Nilijua mimi. Mtu hanyamazi miaka kumi na mmoja bure. Alikuwa mpelelezi.

WEMBE: Ampeleleze nani? Mimi naiba nywele?

PROFESA: Wewe unajua vichwa vya watu. Serikali ikitaka kichwa, inaanza kwa kinyozi.

BI KAHAWA: Mpelelezi gani anasinzia kazini? Nimemwamsha mara ngapi kikombe kikitaka kumwagika!

PROFESA: Wanaosinzia ndio hatari.

WEMBE: Hapana, hapana. Alikuwa anatutengeneza upya! Maneno yetu, hasira zetu, anavitia mashineni kidogo kidogo. Siku moja tutafika hapa tukute kompyuta nne zimekaa kwenye benchi, zinabishana.

BI KAHAWA: Zitakunywa nini?

WEMBE: Umeme!

PROFESA: Ndiyo maana wakasema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

BI KAHAWA: Apone nini, na amenyang'anywa kiti?

WEMBE: Fundi, fungua ya kwangu.

FUNDI: Nahamisha, sisomi. Ndiyo sheria ya kazi yangu.

WEMBE: Na utajuaje kama yamehama salama?

Hapo alimpata. Kila akimaliza kunakili, fundi hufungua faili moja kuhakikisha halikuharibika. Moja tu. Akangoja mstari wa kijani kwenye skrini ufike mwisho, akabofya folda ya Wembe.

"Jumanne. Wembe amesema samaki hawahitaji kitanda kwa sababu maji yenyewe ni kitanda. Wamebishana mpaka kahawa ikapoa. Alhamisi. Wembe hajabishana na mtu. Macho mekundu, anasema ni vumbi. Nadhani mkewe amelazwa. Jumatatu. Wembe amecheka. Mke ametoka hospitali."

Wembe alikaa chini taratibu, kama mzee.

WEMBE: Sikumwambia mtu.

BI KAHAWA: Ulisema vumbi. Nikakupa maji ya kunawa, mdogo wangu.

WEMBE: Nilisema vumbi. Yeye ameandika mke. Alijuaje?

Sheria ya fundi ikasahaulika. Akafungua folda zote, mwaka baada ya mwaka. Siku Profesa alipokosa wateja akakaa na gazeti moja, amelishika juu chini. Siku Bi Kahawa alipokuja na shingo iliyokaza, akasema amelala vibaya. Wote walisoma wameshika midomo.

— Shikamooni.

Alikuwa binti, bado na viatu vyeupe vya kazini.

— Marahaba, mwanangu, wakaitikia, macho chini.

Akavuta kiti, akasoma. Kwenye samaki alicheka. Baadaye akaacha kucheka. Alishuka mpaka mwisho wa folda ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Akarudi mwanzo, akatafuta ya tano.

BINTI: Hakuna nyingine?

FUNDI: Hakuna, dada. Nimekagua diski nzima. Vyote vimehama, hata herufi haikupotea.

BINTI: Ni yeye kabisa. Hata nukta ni zake. Lakini humu mnasema ninyi tu. Yeye je? Miaka yote hiyo hapa, baba alikuwa anasema nini?

Wembe akamtazama Profesa. Profesa akamtazama Bi Kahawa. Fundi akajifuta mikono iliyokuwa safi.

BI KAHAWA: Alikuwa anasema...

Wakangoja amalizie. Binti naye akangoja, kidole bado kwenye kipanya.